Kila Inapozima

Jumatatu, Machi 4

Fundi amesema niandike. Kila kompyuta inapozima niandike siku, saa, nilikuwa nafanya nini, na hali ya hewa ilikuwaje. "Mama, ukiniambia inazimazima tu, unakuwa kama mgonjwa anayesema anaumwa mwili mzima. Nitaanzia wapi?" Ameifungua, akapuliza vumbi mpaka akapiga chafya saba, akasema pengine ni joto, pengine si joto. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, alianzia kwenye redio, na sijawahi kumwona akikimbilia jambo lolote. Mtaani wanamwita Polepole.

Haya, naandika. Leo, saa nne na dakika tano asubuhi. Nilikuwa nanukuu kikao cha kamati ya maji, ukurasa wa kumi na moja. Kioo kikawa cheusi, feni ikanyamaza, kisha ikajiwasha yenyewe kama mjumbe aliyesinzia mkutanoni akashtuka na kupiga makofi. Kurasa nne zimepotea. Mawingu, mvua bado.

Jumanne, Machi 5

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimeiwasha tu. Saa nne na dakika kumi. Saa kumi jioni. Mvua ya kwanza.

Jumatano, Machi 6

Saa nne kasoro dakika tano. Saa kumi na dakika tano. Mvua.

Msimamizi wa ofisini amepiga simu. Ana sauti laini ya mtu anayekata mkate kwa uzi. "Mama, tulisema Jumanne." Nikamweleza. "Mama, pole sana. Lakini na mwezi uliopita ilikuwa kompyuta." Akasema kuna binti mmoja ameomba kazi, ana mashine mpya.

Nieleze hapa, ili Fundi akisoma ajue kwa nini namsumbua. Mimi hunukuu vikao. Wananitumia sauti, navaa hedifoni kubwa ambazo nikizivaa hata radi siisikii, naandika kila kilichosemwa. Watu wa kamati hawanijui, lakini mimi nawajua kuliko wake zao. Kuna Mwenyekiti, ambaye hukohoa kabla ya kudanganya. Kuna Mjumbe wa Mwisho, husema "kama nilivyotangulia kusema," wakati hajatangulia kusema chochote. Kuna Mama wa Peremende, anafungua peremende karibu na kinasa sauti mpaka nywele zinanisimama. Sina mtoto, na mume wangu ni marehemu. Kazi hii ikienda kwa yule binti, humu ndani hapatabaki sauti hata moja.

Ijumaa, Machi 8

Mara tatu. Saa zilezile, kasoro dakika hapa na pale.

Jumapili, Machi 10

Sikufanya kazi, sikuiwasha. Basi nitaandika mengine, maana Fundi alisema nisichague.

Nyumba hii ina vyumba vinne. Viwili vyangu, viwili vya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Alirudi kwetu miaka kumi na moja iliyopita, ameachika, na mtoto mmoja na mizigo miwili, na marehemu akamgawia upande wa mbele. Katikati kuna mlango. Zamani haukuwahi kufungwa. Tulikuwa na jiko moja, birika moja, na wifi alikuwa anakuja kwangu na leso begani kunicheka ninavyokata vitunguu. Sasa mlango umewekewa kabati, upande wangu. Na nyuma ya kabati nimetia komeo, upande wangu vilevile. Mtoto amekua, kaenda kufanya kazi mbali.

Hatusemezani mwaka na miezi kumi na moja. Yeye hufunga geti jioni, mimi hulifungua asubuhi. Leo yeye hufagia uwanja, kesho mimi. Wako wapangaji wangapi wenye maneno matamu wanaoshindwa hata zamu hizo?

Jumanne, Machi 12

Fundi amebadilisha kumbukumbu ya mashine. Ameondoka saa nne kasoro robo akisema, "Sasa utalala." Imezima kabla hajafika kona. Nimemwona kupitia dirisha, nikaona haya kumwita.

Ijumaa, Machi 15

Mara tatu. Mvua tangu alfajiri. Kila mtu anasema ni umeme wa masika, hata muuza mkaa anasema ni umeme wa masika. Siku hizi kila mtu ni fundi.

Jumatatu, Machi 18

Fundi ameibeba kwenda karakana kwake, ameifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga.

Machi 19

Hakuna la kuandika.

Machi 20

Leo sijasema na mtu. Nimesema "ala!" mara moja, nilipojichoma na kifuniko cha sufuria.

Machi 22

Meza bila kompyuta ni pana sana. Nimesikia wifi akiburuta kiti upande wa pili. Nikasikia akikaa. Halafu sikusikia kitu.

Jumatatu, Machi 25

Imerudi. Fundi anasema kwake imewaka siku sita, mchana kutwa, haikuzima hata mara moja. "Kwangu mzima wa afya. Hapa kwako ndipo anapougulia." Aliiunganisha saa kumi kasoro robo. Tukakaa. Saa kumi na dakika tatu ikazima mbele ya macho yake. Polepole akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumatano, Machi 27

Mwizi amepatikana.

Fundi alikuja saa mbili, akaketi kwenye kiti cha marehemu akisoma daftari hili kama gazeti. Nilikumbuka niliyoyaandika tarehe kumi, nikataka kumnyang'anya. "Yasiyonihusu nimeyaruka," akasema bila kuinua macho, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Mama, joto halina ratiba. Vumbi halina ratiba. Huyu anayekuzimia ana ratiba. Saa kumi na mbili na nusu, saa nne, saa kumi. Huyu ni mtu."

Akaniambia niwashe taa. Mimi mchana huwa siwashi taa, nafanya kazi dirishani. Tukaikodolea macho balbu kama watu wanaongoja mgeni. Saa nne na dakika sita mwanga ukashuka, ukawa mwekundu kidogo, na kompyuta ikazima. Fundi akaweka sikio ukutani, kando ya kabati. Nami nikaweka. Maji yalikuwa yanaanza kuimba.

"Birika la umeme," akasema, ameridhika kabisa. "La lita mbili."

Nililiona boksi lake kwenye takataka mwezi uliopita. Wifi alitumiwa na mwanawe. Tangu tuliponuniana wifi haingii jikoni kwangu. Alikuwa anachemshia chai kwenye jiko la mkaa uwanjani, na mvua zilipokaribia mwana akaona amhurumie mama yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tulipotazama nyuma ya meza tukaukuta waya. Marehemu aliuvuta mwenyewe kutoka kwangu kwenda kwa dada yake, miaka kumi na moja iliyopita, akaufunga kwa utepe mweusi, akasema ni wa muda tu. Fundi aliugusa, akaushika mkono wake kama aliyeungua. Ameutoa wote, ameweka mnene, na ameniwekea swichi ndogo ya kuukata, upande wangu. "Moto hautawaunguza tena," alisema. "Lakini nyumba nzima inanyonya kwenye laini moja nyembamba ya kutoka nguzoni. Birika likiwaka, umeme utashuka. Taa inavumilia. Kompyuta haivumilii."

"Sasa tufanye nini?"

"Dawa ni mbili. Nikuletee kisanduku cha betri, kishike umeme ukishuka. Au uongee naye, awe anakugongea ukuta kabla ya kuchemsha."

"Hatuongei."

"Kwa nini?"

"Fundi, wewe umekuja kutengeneza kompyuta."

"Ndiyo naitengeneza, mama."

Nilimwambia alete kisanduku.

Ijumaa, Machi 29

Nimekaa na jambo hili siku mbili. Anajua. Haiwezekani hajui. Ukuta huu ni mwembamba, anasikia ninavyopiga kibodi, anangoja nikolee, anabonyeza. Mtu mmoja, birika la lita mbili, kwa nini? Anakunywa chai au anaoga chai? Mwaka na miezi kumi na moja hajaniambia neno, kumbe maneno yote ameyatia kwenye birika. Msimamizi amepiga tena leo. Kazi yangu inakwenda, na inakwenda kwa sababu mtu mzima, mwenye mvi, ameamua kunikomoa.

Saa kumi kasoro dakika kumi nimezima ile swichi ndogo.

Nimeandika kurasa tisa kwa amani. Mvua kubwa.

Jumamosi, Machi 30

Asubuhi nimeizima tena. Saa nne nilikwenda jikoni kuosha kikombe, nikatazama nje.

Wifi alikuwa chini ya ukingo wa paa na jiko la mkaa. Mkono mmoja unapepea, mkono mwingine umeshika mwavuli. Ni ule mwavuli mweusi wa marehemu, wenye njiti moja iliyovunjika. Nilikuwa nadhani umepotea. Mwavuli ulikuwa umefunika jiko. Yeye mwenyewe mvua ilikuwa inamshukia mgongoni, na gauni limemgandia, na nikaona jinsi alivyokonda. Ana miaka sitini na sita na goti bovu. Alikuwa ameinama kwa goti lile. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu ambaye umeme umekatika, basi, kama unavyokatika kila masika.

Hajui lolote. Hajawahi kujua.

Nimekwenda kuwasha swichi. Nimefunga kompyuta. Sasa nitaandika lile, maana nikiliruka, daftari zima litakuwa la uongo.

Siku ile, marehemu amelazwa hospitali, daktari aliniita kando, jioni. Akasema, "Kama kuna ndugu wa kuitwa, aitwe." Simu ilikuwa mkononi. Mvua ilikuwa inanyesha kama hii. Nikajiambia: goti la wifi, barabara ina matope, na huyu mume wangu ni mbishi, atafika asubuhi. Hayo ndiyo niliyomwambia kila mtu, na ni kweli. Lakini si kweli yote. Nilitaka nibaki naye peke yangu. Miaka yote nilimgawana na dada yake, mezani, kwenye mazungumzo, hata kwenye utani wao wa utotoni nisiouelewa. Nikaona saa zile ziwe zangu. Akafa saa kumi na moja alfajiri. Wifi alifika saa moja na chupa ya chai kwapani na shuka safi alilolipiga pasi. Alinikuta kwenye varanda. Akaniangalia, akajua.

"Hukuniita," akasema.

Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi sikustahili hata kulia mbele yake.

Jumatano, Aprili 3

Nimeanza utaratibu. Dakika tano kabla ya saa nahifadhi kazi, navua hedifoni, nainuka, nabandika maji yangu kwenye gesi. Ikizima, najua naye amebonyeza. Tunakunywa pamoja, yeye kwake, mimi kwangu.

Ijumaa, Aprili 5

Saa kumi na mbili na nusu. Saa nne na dakika mbili. Saa kumi na dakika saba. Sijapoteza hata mstari.

Jumatatu, Aprili 8

Saa nne ilipita haijazima. Na robo, kimya. Nilikuwa nimekaa na kikombe mkononi, chai inapoa. Saa nne na dakika ishirini na mbili ikazima, na nikasema kwa sauti, "Haya, karibu." Sijui niliyekuwa namkaribisha ni nani.

Jumatano, Aprili 10

Fundi alipita kuuliza habari za kisanduku cha betri alicholeta wiki iliyopita.

"Bado kiko kwenye nailoni?"

"Bado."

"Kina kasoro?"

"Hakina."

Akatazama kisanduku, akatazama kabati, akanitazama mimi. Akasema kompyuta nyingine zina maradhi ya ajabu, wenyewe hawataki zipone. Kwa mtu anayetembea polepole, ana ulimi wa haraka.

Ijumaa, Aprili 12

Mara mbili tu. Ya saa kumi hakuchemsha. Nilimsikia akitembea, ana mguu mmoja mzito kuliko mwingine.

Jumatano, Aprili 17

Nimemsikia akicheka kwenye simu na mwanawe. Nilikuwa nimesahau kicheko kile, kinaanzia puani. Nimeona wivu wa kitoto. Nilirudi kwenye kikao, Mama wa Peremende alikuwa anafungua peremende, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Pengine naye hana wa kumgawia.

Jumatatu, Aprili 22

Msimamizi: kikao kikubwa, saa sita za maneno, kinatakiwa Jumatano jioni. "Mama, hiki ndicho cha kutuamulia." Nimesema nitaweza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumanne, Aprili 23

Mara tatu. Kurasa ishirini na nne. Mgongo.

Jumatano, Aprili 24, mchana

Naandika haraka huku nakula. Leo ni siku ya bahati, haijazima hata mara moja! Nimeanza alfajiri na hedifoni sijazivua. Kurasa thelathini na moja. Mwenyekiti amekohoa mara kumi na nne. Zamu ya wifi kufagia na majani yapo palepale uwanjani, ila tukisema tutaambiwa tuna maneno. Narudi kazini.

Alhamisi, Aprili 25, hospitalini

Nimekuja na daftari kwa sababu lilikuwa mkononi.

Jana nilimaliza saa kumi na moja na nusu jioni. Nikatuma. Msimamizi akapiga papo hapo. "Mama, safi kabisa, hata mikohozi umeweka!" Nikavua hedifoni. Masikio yalikuwa yanauma. Nikafungua daftari niandike taarifa ya siku, nimefurahi kama mtoto, nikaandika saa kumi na mbili na nusu, nikaweka mstari. Saa nne, mstari. Saa kumi, mstari. Nikaitazama ile mistari mitatu.

Mwezi na nusu haijapita siku ya kazi bila kuzima. Swichi ilikuwa imewashwa. Niliangalia mara mbili.

Nikatoka uwanjani. Majani. Geti halijafungwa na giza linaanza kuingia. Nikasimama mbele ya mlango wake, na hata pale, Mungu anisamehe, nilisimama nikifikiri nitasema nini. Kwamba mbona hujachemsha chai?

"Wifi," nikaita.

Ilitoka kama sauti ya mtu mwingine. Nikaita tena, kwa nguvu. Mlango umefungwa kwa ndani, pazia limeshushwa. Halafu nikasikia kitu kikigonga sakafu, taratibu, mara mbili.

Nilirudi kwangu mbio. Nikalisukuma kabati. Halikwenda, meza ililizuia. Nikaisukuma meza kwa kiuno, kompyuta ikaenda chini, kishindo, vioo, sikugeuka kuitazama. Kabati likasogea. Komeo lilikuwa limeshika kutu na nikalipiga kwa kiatu mpaka likaachia. Komeo langu mwenyewe.

Alikuwa amelala ubavu kati ya kitanda na meza, mguu umegeuka usivyotakiwa, shuka amelivuta kitandani likamfika kiunoni tu. Birika liko mezani, limejaa maji, halijawashwa. Alianguka akiliendea, kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Kutwa nzima. Midomo imekauka. Macho yalikuwa wazi yananitazama.

"Nimekuita," akasema.

Nikapiga magoti.

"Nimekuita sana, wifi. Nilikuwa nakusikia unavyoandika."

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilikuwa nasikiliza watu nisiowajua wakizozana juu ya mabomba, na yeye anaita jina langu ukutani tangu alfajiri. Nilimwambia. Nilimwambia nilivaa hedifoni, nikamwambia na ya swichi, nikamwambia na ya marehemu, yote, ovyo, huku nimemwekea kichwa mapajani na namnywesha maji kwa kijiko. Sijui alisikia lipi. Alipomaliza maji alisema, "Piga simu kwanza, halafu ulie."

Nilipiga. Gari la wagonjwa, na kabla hata halijafika, mwanawe. Sikungoja nijue hali yake, sikungoja mvua ikatike. Nikamwambia, "Mama yako ameanguka, njoo sasa hivi."

Nilipochukua kanga zake za kwenda nazo nikaona sinia kwenye rafu, chini ya kitambaa. Vikombe viwili. Kimoja chake. Kingine ni changu, cha bluu, chenye mkono uliomeguka, nilichokuwa nadhani nilikiacha jikoni kikavunjika. Kilikuwa kimeoshwa, kimefunikwa kifudifudi, hakina hata vumbi.

Nyonga imevunjika. Watamfanyia upasuaji kesho. Daktari amesema kwa umri wake hawezi kuahidi. Safari hii tumekaa wawili kwenye benchi, mimi na mwanawe.

Ijumaa, Aprili 26

Ametoka salama. Amelala. Mwanawe yuko upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine.

Jumatatu, Aprili 29

Fundi ameiokota kompyuta. Kioo kipya, ubavu umefungwa kwa utepe. Akapita kwenye ule mlango ulio wazi, akatazama chumba cha wifi, akarudi. Hakufanya utani wowote. Kisanduku cha betri amekikuta kwenye nailoni.

"Nikirudishe dukani?"

"Kirudishe."

Mei 1

Haijazima.

Mei 2

Haijazima.

Mei 3

Haijazima. Nimeandika mpaka adhuhuri. Msimamizi anasema yule binti amepewa kazi nyingine, nisiwe na wasiwasi. Nilishasahau kuwa na wasiwasi.

Mei 6

Haijazima. Saa nne nilikaa na kikombe nikiitazama balbu. Nyumba hii ni kubwa mno.

Alhamisi, Mei 9

Haijazima. Kila alasiri nakwenda hospitali. Hasemi sana. Leo nilimpaka mafuta miguuni. Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Sijasahau."

"Najua."

"Lakini paka na hapo kwenye kisigino."

Jumanne, Mei 14

Haijazima. Mvua zimekuwa za rasharasha. Mwanawe amerudi kazini, kaniachia namba tatu za simu na maagizo kumi na saba. Mgonjwa haulizwi uji, nikamwambia, niachie mimi.

Jumamosi, Mei 18

Amerudi nyumbani, na magongo mawili. Nilikuwa nimemwandalia kitanda upande wangu. Alisimama mlangoni, akatazama mahali lilipokuwa kabati, akasema asante, ila atalala kwake. Nilimwambia nitamsaidia, akanijibu mambo mengine atayafanya mwenyewe. Nikaenda jikoni nikakata vitunguu bila sababu.

Jumapili, Mei 19

Kimya. Anapumzika. Nimempelekea chakula, akala nusu.

Jumatatu, Mei 20

Hedifoni nazivaa kwa sikio moja tu siku hizi.

Saa nne na dakika tano asubuhi. Nilikuwa nanukuu kamati ya maji, ukurasa wa thelathini na mbili. Sikuwa nimehifadhi. Jua kali, hakuna wingu. Magongo yalisikika sakafuni, tap, tap, kisha kitufe cha birika. Imezima.

"Wifi!"

Nimeitwa mara moja tu. Nimekwenda.